Mbu wa Bagamoyo na somo la kahawa



Mwezi wa 12 mwaka 2025, jarida Nature lilitoa kazi ya watafiti wa Ifakara, Tanzania, pamoja na wenzao wa Imperial College London. Habari iliyozunguka ni fupi: mbu asiyeambukiza malaria amepatikana. Mimi nimeiangalia kwa macho ya agronomu. Kazi ni nzuri kabisa, lakini hiyo habari inaruka hatua moja.

Kule Bagamoyo, ndani ya jengo lililofungwa, walimwekea Anopheles gambiae jeni zinazotengeneza sumu mbili ndogo tumboni mwake: moja asili yake chura, ingine nyuki. Kimelea kikiingia na damu, kinachelewa kukomaa. Na mbu haishi siku mingi. Anaweza kufa mbele ya kuambukiza mtu mwingine. Sawa vile baridi: Butembo iko juu, kimelea kinakomaa polepole ndani ya mbu, Beni kuko joto, kinakimbia.

Ninachosifu zaidi ni hiki: walitumia damu ya watoto wa palepale walioambukizwa malaria, hawakutegemea kimelea cha labo tu. Juu ya nini ni muhimu? Mwaka 1986, Wamarekani walichagua ukoo wa mbu huyu huyu wenye kuua vimelea vya aina mbalimbali. Lakini falciparum ya Afrika ilipita. Mwaka 2013 ikajulikana sababu: kimelea nacho kina jeni yake, Pfs47, inayokificha mbele ya kinga ya mbu. Kwa hiyo jeni ya mbu haiamui peke yake. Ni kufuli, na kimelea kinatafuta ufunguo.

Hapo ndipo lawama yangu. Kuchelewesha si kuua. Kati ya vimelea mingi, kile kinachokomaa haraka kidogo njo kitakachopita, kizae, kijaze kijiji. Jaribio la muda mfupi ndani ya jengo haliwezi kutuonyesha hilo. Sisi wa shamba tunalijua: Honduras walipanda kahawa Lempira juu ilistahimili kutu ya majani, mwaka 2017 ikatangazwa kwamba kutu imeishinda. Mkulima aliyeweka shamba lote aina moja alibaki na nini?

Kwetu jambo hili si mchezo. Mwezi wa 11 mwaka 2018, katikati ya Ebola, ilibidi Beni igawiwe dawa za malaria na vyandarua nyumba kwa nyumba, juu homa ya malaria ilifanana na ile ingine na kujaza vituo vya matunzo. Mji kama huo ukiahidiwa mbu wa ajabu, halafu ahadi ivunjike, nani atamsikiliza tena mtu wa afya?

Basi siku watakapotuletea mbu huyo, tusiulize tu kama anafanya kazi. Tuulize: alijaribiwa na damu ya watoto wa Beni, ao ya Bagamoyo tu? Mlifuatilia vimelea vizazi vingapi? Na Anopheles funestus, ambaye hamkumgusa, atazuiwa na nini? Wakiwa na majibu, mimi nitakuwa wa kwanza kuwakaribisha. Kwa sasa, chandarua kibaki kitandani.