Msukule Asiye na Bwana

Bunju akivuliwa hujivimbisha akawa duara kama mpira, na mtoto wa pwani hufundishwa mapema kwamba samaki huyo haliwi hovyo. Sumu yake, ambayo wataalamu wameipa jina la tetrodotoksini, hukaa zaidi katika ini na mayai. Huziba vijia ambavyo mishipa ya fahamu hupitishia amri zake: midomo ikafa ganzi, mikono na miguu ikafuata, kisha kifua kikashindwa kuvuta pumzi, na huku mwili umelala kama gogo, akili yaweza kubaki macho, ikiwasikia wanaoulizana kama mtu bado yu hai. Mwaka 1985 Wade Davis, mtaalamu wa mimea kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu The Serpent and the Rainbow akidai kuwa sumu ya samaki wa jamii hiyo, ikitiwa katika unga wa wachawi wa Haiti, ndiyo siri ya zombi. Dai hilo lina kasoro zake. Hata hivyo ni mlango mwema wa kuingilia katika riwaya zinazotaka kumweleza zombi kwa elimu ya tiba, riwaya ambazo zimeongezeka sana katika karne hii, na ambazo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuzisoma kwa jicho lake mwenyewe, kwa kuwa lugha yake ina msukule.

Kisa alichokitegemea Davis ni cha Clairvius Narcisse, aliyeandikwa kuwa amekufa katika hospitali ya Deschapelles mwaka 1962. Mwaka 1980 mtu mmoja alimwendea dada wa marehemu sokoni akajitambulisha kuwa ndiye Narcisse. Alisema alifukuliwa, akapigwa, akapelekwa shambani kufanya kazi pamoja na wengine waliokuwa katika hali kama yake, na kwamba chanzo cha yote kilikuwa ugomvi wa ardhi baina yake na ndugu yake. Wakemia walipopima baadhi ya unga ulioletwa na Davis, walikuta sumu ya samaki kidogo mno isiyofaa kitu. Zaidi ya hayo, sumu hiyo ama huua ama hutoka mwilini. Haimfanyi mtu mtumwa kwa miaka. Mwaka 1997 Roland Littlewood na Chavannes Douyon waliandika katika jarida la The Lancet habari za watu watatu wa Haiti waliosadikiwa kuwa mazombi. Waliona maradhi ya akili, athari za ubongo ulioumia, na ulemavu wa kujifunza. Na vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa baadhi yao hawakuwa na udugu wowote na familia zilizowapokea. Yaani familia iliyofiwa ilimwona mgonjwa anayetangatanga njiani, ikamwita kwa jina la maiti wao, ikampeleka nyumbani. Maelezo haya ya makala ya kitabibu yana uzito wa kibinadamu ambao riwaya nyingi zinazofuata hazikuufikia.

Lakini iwe Davis alikosea au alipatia, katika masimulizi ya Haiti jambo moja halikosekani: yupo aliyetenda. Sheria ya jinai ya nchi hiyo ya karne ya 19, katika kifungu cha 246, ilihesabu kuwa ni jaribio la kuua kwa sumu kumpa mtu kitu ambacho, bila ya kumfisha, kinamtia katika usingizi mzito wa muda mrefu. Na ikiwa mtu huyo amezikwa, basi kosa ni la kuua, vyovyote yatakavyokuwa matokeo. Kifungu hicho kimetajwa na kila mwandishi wa vitisho kama ushahidi kwamba mazombi wapo. Wachache wamekisoma kama kilivyo. Sheria haimuulizi zombi ni kitu gani. Inamtafuta aliyempa sumu, na aliyepewa inambakisha kuwa mtu aliyedhulumiwa.

Vivyo hivyo katika The Magic Island, kitabu cha William Seabrook cha mwaka 1929, wakati Haiti imekaliwa na majeshi ya Marekani. Seabrook alikuwa mpenda maajabu na maneno yake yapokelewe kwa tahadhari, ila kisa alichokiweka ndani ya kitabu hicho kimepangwa vizuri kuliko filamu mia zilizokifuata. Msimamizi mmoja anawapeleka wafu katika mashamba ya miwa ya kampuni kubwa ya sukari. Wanakata miwa mchana kutwa, naye anapokea ujira wao. Wanalishwa chakula kisichotiwa chumvi. Siku moja mke wa msimamizi anawahurumia, anawanunulia peremende zenye njugu zilizotiwa chumvi bila ya mwenyewe kujua. Chumvi inapogusa ulimi wanajitambua kuwa wamekufa, wanageuka kwa pamoja na kuelekea makaburini kwao. Kisa hiki kimetungwa na watu ambao mababu zao walikuwa watumwa wa miwa hadi walipojikomboa kwa vita vya 1791 hadi 1804, na hofu iliyomo ni ya kufanyishwa kazi hata baada ya kufa.

Msomaji wa visiwani, ambako hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897 na ambako mikarafuu ilipandwa na mikono isiyolipwa, hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Msukule naye, kama watu wanavyosimulia, huchukuliwa, hufichwa, huamshwa usiku akalime shamba la mwenziwe. Neno lenyewe limebeba watu wawili. Ukisema fulani ni msukule, swali la pili litokalo kinywani mwa msikilizaji ni: wa nani?

Riwaya ya kitabibu imelifuta swali hilo la pili. Ufutaji ulianza kwa kazi nzuri, I Am Legend ya Richard Matheson, ya mwaka 1954. Viumbe wake ni wanyonya damu, lakini George Romero mwenyewe alikiri kuwa ndimo alimochota filamu yake ya mwaka 1968, ambayo ndiyo iliyoanzisha zombi wa kisasa ingawa ndani yake neno zombi halitamkwi. Mhusika wa Matheson, Robert Neville, aliyebaki peke yake mjini, anajifunza mwenyewe elimu ya damu, ananunua subira kwa hadubini, na anagundua bakteria. Hirizi na hekaya zinapata maelezo. Baadaye filamu ya 28 Days Later ya mwaka 2002 ikaleta virusi vya ghadhabu vinavyotoroka maabara kupitia sokwe, na baada ya hapo ikawa kila mwandishi ana kijidudu chake. Bwana wa shamba akatoweka, pakabaki ugonjwa na umati.

Katika hao wote, aliyeingia ndani zaidi ya tiba ni Steven Schlozman, daktari wa maradhi ya akili ya watoto, aliyefundisha Harvard. Kitabu chake The Zombie Autopsies cha mwaka 2011 kimetungwa kama daftari la Dkt. Stanley Blum, anayepelekwa katika kisiwa cha mbali kupasua miili ya walioambukizwa. Ugonjwa umepewa jina refu la kihospitali, na kila tabia ya zombi imetafutiwa mahali pake kichwani. Hasira isiyozuilika inatokana na kufa kwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomfanya mtu afikiri kabla ya kutenda. Mwendo wa kupepesuka unatokana na sehemu ya nyuma inayolinganisha viungo. Njaa isiyokwisha inatokana na kuharibika kwa kile kituo kidogo cha ndani kinachouambia mwili kuwa umeshiba. Yote haya yamesimama juu ya elimu ya kweli, na mtu asiyepata kusoma udaktari atafunga kitabu akiwa amejua jambo kuhusu ubongo wake mwenyewe. Hiyo si sifa ndogo. Michoro ya viungo iliyomo ina ubaridi unaotisha kuliko damu yoyote.

Kasoro yake ni kwamba madaktari wa kisiwani hawana nafsi. Wanazungumza, wanakata, wanaandika, wanaanza kuugua, na msomaji hajui hata mmoja wao alikuwa akipenda nini nyumbani. Yamkini mtungaji alikusudia hivyo, kwa kuwa daftari la maabara halina mahaba. Lakini udhaifu huu unaficha jambo kubwa ambalo kitabu kimeligusa kisha kikalikimbia. Ndani yake dunia imekubaliana kuwa mgonjwa akifika hatua fulani ya maradhi, kisheria hahesabiwi tena kuwa binadamu, na hivyo inaruhusiwa kumpasua hali bado anajitikisa mezani. Hapa palikuwa na riwaya nzima. Ni nani aliyeuchora mstari huo, kwa kipimo gani, na mkono wa Blum unatetemeka kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu ya kazi anayoifanya? Schlozman, ambaye katika kazi yake ya kila siku hukaa na watoto waliosemwa na kila mtu kuwa hawana mazungumzo, alikuwa na haki kuliko wengine ya kuuliza. Anauliza kwa sentensi chache, kisha anarudi kwenye ini na wengu.

Na kisiwa nacho hakikupewa haki yake. Waandishi hawa hupenda visiwa kwa sababu huviona vitupu. Anayekijua Changuu, kule mbele ya Mji Mkongwe, ambako jengo lililokusudiwa kuwa gereza miaka ya 1890 liliishia kuwa mahali pa karantini, anajua kuwa kisiwa cha wagonjwa kina watu, kina mpishi, kina nahodha wa mashua anayeleta maji, na kina abiria anayehesabu siku ili avuke kwenda mjini. Karantini ni chumba cha kungojea. Katika kisiwa cha Blum hakuna mgonjwa anayengojea kitu.

Swali alilolikimbia daktari limeshikwa na mtunzi wa vitabu vya katuni. M. R. Carey, Mwingereza, alitoa The Girl with All the Gifts mwaka 2014. Sayansi yake ni ya kuvu wa jina la Ophiocordyceps, ambaye katika misitu ya joto kweli humwingia sisimizi, akamwongoza apande juu ya mmea, aume jani asibanduke, kisha shina la kuvu likachomoza kichwani mwake na kumwaga mbegu. Carey amemhamisha kuvu huyo kwa binadamu. Tiba ya kweli haimuungi mkono, kwa kuwa kuvu wa sisimizi ameumbwa kwa sisimizi, na joto la damu ya mtu si mahali pake. Ila msomaji anakubali, kwa sababu mtunzi hatumii sayansi kama pambo. Anaitumia kumweka mtoto kwenye meza ya daktari.

Mtoto huyo ni Melanie, mwenye umri wa miaka kumi, anayekaa katika chumba cha chini ya ardhi katika kambi ya jeshi. Kila asubuhi hufungwa mikono, miguu na shingo katika kiti cha magurudumu, na kupelekwa darasani. Anadhani ndivyo watoto wote waendavyo shule. Anampenda mwalimu wake, Bibi Justineau, anayewasomea hekaya za Wayunani. Hajui kuwa ana kuvu ubongoni wala kuwa wenziwe wanaoitwa chumba cha pili hawarudi kwa sababu Dkt. Caldwell amewafungua mafuvu. Msomaji hugundua pamoja naye, polepole, na sura hizi za mwanzo ndizo bora katika uga mzima wa fasihi hii. Walioambukizwa wengine hawana habari ya lolote. Melanie anasoma, anakumbuka, anaona haya. Kuvu anao yuleyule.

Caldwell hakuchorwa kuwa katili wa sinema. Anatafuta dawa, ana haraka, majeraha yake yameoza na anajua hatapona. Kwake Melanie si mtoto, ni kuvu aliyejifunza kusema. Sentensi zake zote ni za kitaalamu na nyingi ni sahihi. Kwa hivyo bwana wa msukule, aliyetoweka tangu Matheson, amerudi, safari hii na koti jeupe na kisu kidogo: anayeamua kuwa mwili huu uliopumzishwa haki zake ufanye kazi kwa faida ya wengine. Carey hasemi kuwa sayansi ni uchawi, na msomaji asimsingizie. Anamrudisha tu mtendaji kwenye ukurasa, kama kifungu cha 246 kilivyofanya.

Sehemu ya katikati, safari ya kwenda London, imejaa askari na mabomu ambayo mtu ameshayaona kwingine, na askari kijana Gallagher anauawa kabla hajawa mtu kamili. Mwisho lakini unalipa. Melanie anachagua kuuwasha moto ukuta wa kuvu ili mbegu zienee duniani, na binadamu wa zamani wamalizike. Watoto kama yeye ndio watakaobaki. Justineau ananusurika ndani ya gari lililozibwa, na kazi anayopewa ni kuwafundisha watoto hao alifabeti. Neville wa Matheson naye alifika mahali kama hapo, akaona kuwa kwa watu wapya yeye ndiye dubwana. Tofauti ni kwamba Carey amempa neno la mwisho yule aliyefungwa kitini.

Riwaya hii ikitafsiriwa kwa Kiswahili, ugumu utaanza katika neno moja. Carey hawaiti viumbe wake mazombi. Anawaita kwa sifa yao, wenye njaa. Mfasiri atashawishika kuandika msukule, kwa sababu neno lipo tayari na linatisha. Litafaa kwa Seabrook na kwa Narcisse, ambao shamba lao lina mwenyewe. Kwa umati unaosimama kimya katika mitaa ya London halifai, kwa kuwa hakuna aliyewatuma. Wabaki wenye njaa. Na pale Melanie anapofungwa kamba asubuhi ya kwanza, akimwamkia askari aliyemwelekezea bunduki kwa adabu zote za mtoto aliyelelewa, mfasiri aandike shikamoo.