Wimbo wa Mikoko

Kosa ninalotaka kulieleza hapa nililifanya kwa kalamu, tena kwa nia njema kabisa. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita kikundi cha ngoma kutoka kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, akina mama kumi na wanne na wapigaji watatu, kiliniomba nikiandikie barua ya maombi ya fedha. Tulikutana Kibiti, chini ya mkorosho, nyuma ya nyumba ya jamaa yao. Mahitaji yao waliyataja bila kusitasita: ngozi za kuwambia msondo mmoja na vumi mbili, nauli ya boti ya wenzao wa kijiji cha pili, na mchele wa kulisha wageni kwa siku tatu, kwani mavuno ya mwaka ule yalikuwa yameharibika. Hawakuomba zaidi.

Mimi nilijua, au nilijiona najua, kwamba hakuna mfadhili wa sanaa anayelipia mchele. Nilikuwa nimekwisha kuzisoma fomu zao nyingi, na kila fomu ilitaka lengo la mradi na matokeo yanayotarajiwa. Kulisha wageni utakuitaje? Basi usiku ule nikakaa na taa ya chemli, nikaandika kwamba kikundi kinakusudia kuielimisha jamii juu ya uhifadhi wa mikoko kwa njia ya sanaa za jadi. Kesho yake nilipowasomea, manju wao, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti nzito, aliniuliza, "Mikoko imeingiaje humo, mwanangu?" Nikamjibu kwamba hiyo ni lugha ya makaratasi tu. Fedha zikatoka.

Nilialikwa siku ya onyesho. Tulikwenda kwa gari hadi Nyamisati, kisha tukaingia boti na kupita vijito ambavyo mgeni hawezi kuvitofautisha. Uwanjani palikuwa na bango, fulana mpya, meza yenye kitambaa, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili.

Sasa niuseme wimbo wenyewe, maana ndiyo kazi ya mhakiki. Ulikuwa wimbo mbaya. Kiitikio chake kilikuwa sentensi iliyotoka katika barua yangu, karibu neno kwa neno, nayo ilikuwa ndefu mno kwa pumzi moja. Waitikiaji walilazimika kuikata katikati, mahali ambapo vumi ilikuwa bado haijatua. Katika ngoma yao ya kawaida manju huurusha mstari kwenye duara, akatazama nani amecheka na nani ameinamisha uso, na mstari unaofuata hutokana na alichokiona. Siku ile maneno yalikuwa yamekwisha kukaguliwa na kupitishwa, hivyo hapakuwa na nafasi ya kuongeza hata silabi. Duara lilinyooshwa likawa mstari, ili mgeni rasmi aone vizuri. Yule bibi aliimba akiielekea meza, kisogo kikiwa kwa wanakijiji wenzake. Ratiba ilimpa dakika kumi na mbili, naye akazimaliza. Hakuna aliyeinuka kumtuza.

Tena maneno yenyewe yalikuwa yanamsema nani? Misitu ya mikoko ya delta, kiasi cha hekta 50,000, ndiyo mikubwa kuliko yote ya aina yake iliyo mahali pamoja katika Afrika Mashariki, nayo ni hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni. Lakini ndani ya delta mashamba ya mpunga hupatikana kwa kufyeka mikoko pale maji baridi ya mto yanapofika. Baada ya miaka michache magugu na kaa humshinda mkulima, naye hufyeka mahali pengine. Ugomvi wa mkulima na idara ya misitu juu ya jambo hili ni wa miaka mingi, na sidai kuwa mkulima ana haki katika kila sehemu yake. Nasema tu kwamba wale akina mama walikuwa wamelala katika madungu ya mashamba hayo hayo, wakiwinga ndege na kufukuza nguruwe na viboko, na mimi niliwaandikia wimbo wa kujishitaki mbele ya mgeni rasmi, kwa malipo. Jambo hilo halikunijia akilini wakati ule. Nilidhani mikoko ni neno zuri.

Wageni waliondoka. Mimi sikuwahi boti yao, na maji yalipokupwa nikawa sina njia tena hadi kesho yake. Jioni niliwaona akina mama wakikusanya posho walizolipwa, noti juu ya noti, kwenye kanga iliyotandikwa. Walinunua mchele. Usiku ule ngoma ilichezwa, wenyeji watupu, na duara likarudi kuwa duara. Manju alinitia katika mstari wake wa tatu au wa nne, mtu wa mjini anayeijua mikoko kwa wino, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja akainuka, akamtuza. Nilicheka nami, kwa kuchelewa kidogo. Palipopambazuka walikuwa bado wanaimba.

Katika taarifa ya mradi niliandika: onyesho moja, watazamaji mia tatu. Usiku sikuutaja, kwa kuwa haukuwamo katika bajeti.

Kuna msemo unaopendwa sana katika nyaraka za ufadhili: jamii zisizofikiwa. Kila nikiusoma naikumbuka kanga ile, na najiuliza jamii hizo hazijafikiwa na nani. Sanaa ya Rufiji ilikuwa na mfadhili wake, na mfadhili huyo ni mpunga. Mavuno yakiwa mema, unyago hufanywa kwa ukamilifu wake, arusi hukesha, fundi wa ngoma hupata ngozi, manju huitwa kijiji cha mbali na kurudishwa na mzigo wa mchele. Mavuno yakiharibika, mambo hayo hufupishwa au huahirishwa, na mwali hungojea. Ni kweli mfadhili huyu ni dhaifu na ana upendeleo wake. Maskini wa kijiji hakuwahi kuzungukwa na ngoma kubwa. Lakini hakumpangia manju maneno.

Serikali yetu haikuusahau utamaduni. Mwaka 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata, kisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, kisha Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa mwaka 1984. Nathamini yote hayo. Hata hivyo, mwendo wake mkubwa ulikuwa wa kuitoa ngoma kijijini na kuileta jukwaani. Penina Mlama, katika kitabu chake cha 1991 juu ya utamaduni na maendeleo, alieleza majaribio ya mwendo wa kinyume, yakiwamo ya Msoga, katika mkoa huu huu wa Pwani: wanakijiji wachunguze shida zao wenyewe, watumie ngoma na michezo yao, kisha wajadiliane. Waliokuja baada yake, nami nikiwamo, tulichukua ngoma tukaacha uchunguzi. Tukawa na ngoma ya malaria, ngoma ya choo, ngoma ya mikoko. Sisemi sanaa isifundishe. Unyago ni shule tangu mwanzo hadi mwisho, lakini anayefundisha ni yule atakayekutana na mwanafunzi wake kisimani kesho na keshokutwa.

Mfuko wa Utamaduni ulioanzishwa mwaka 1998 kwa msaada wa Sweden ulikuwa na sifa ya kutoa ruzuku. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa miaka hii unajulikana zaidi kwa mikopo inayopitia benki. Kwa mwenye studio au mtengenezaji wa filamu mkopo una maana, kwani ana kitu cha kuuza. Lakini akina mama wa delta watauza nini? Wakopeshwe mchele wa wageni, waurudishe na riba, kwa kiingilio cha mlango upi?

Bibi Titi Mohamed, ambaye mwaka 1965 aligombea ubunge wa Rufiji akashindwa, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, kabla ya kuingia TANU. Alipoanza kuwatafutia TANU wanawake aliwaendea wenye vikundi vya ngoma, kwa sababu hao walikuwa tayari na viongozi, michango, sare na mazoea ya kuitana. Hakuna aliyekuwa amewapa semina. Natamani mfadhili mmoja, mmoja tu, aje na swali dogo: ninyi huchangiaje, na safari hii pengo liko wapi? Kisha alizibe pengo hilo, akae kimya, ale wali.

Najua nitakavyojibiwa. Fedha ya umma lazima ionyeshe ilikokwenda, na mchele ni kitu rahisi kupotea. Hoja hiyo ni ya haki. Nami najibu kwamba hata bango linapotea. Lile la kwetu nililiona miezi michache baadaye likiwa paa la kibanda cha samaki, na hakuna aliyeniuliza habari zake.

Tangu hapo delta imepata mitihani mingine. Wakati wa mauaji ya Kibiti, kati ya 2015 na 2017, usiku ulikuwa wa kujifungia ndani, na ngoma isiyo na usiku ni nusu ya ngoma. Kisha mafuriko ya Aprili 2024 yakaingia mashamba ya Rufiji na Kibiti mpunga ukiwa haujavunwa. Mwaka ule binti wa yule manju, ambaye sasa ndiye anayeongoza kikundi, alinipigia simu. Mama yake alikwisha kufariki. Aliniamkia, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akaomba niwaandikie barua.

"Niandike nini, mwanangu?" nikamwuliza.

"Ngozi, baba. Nauli ya boti. Na mchele."

Safari hii niliandika vivyo hivyo, mistari mitatu na bei zake, nikaipeleka sehemu mbili. Sehemu moja walinirudishia wakinitaka nijaze lengo la mradi. Nimeandika: kulisha wageni siku tatu. Nangojea jibu.