Wenge Musica Jukwaani Tena: Uhakiki wa Rekodi ya Onyesho la Kinshasa la Mwaka 2022

Sehemu hii inahakiki rekodi ya video ya onyesho lililoikutanisha tena bendi ya Wenge Musica tarehe 30 Juni 2022, katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa. Nyimbo zake ni za Kilingala. Wengi wa watazamaji wetu wa Kilosa na Mikumi hawaijui lugha hiyo, lakini waliifuatilia rekodi kwa makini kuliko sisi tuliokuwa na kalamu mkononi. Tunajiuliza walikuwa wanasoma nini.

Wenge ilianzishwa mwaka 1981 na vijana wa Kinshasa, akiwamo Didier Masela, ikawa sauti ya kizazi kilichofuata kile cha Zaïko Langa Langa. Mwaka 1997 ilipasuka. JB Mpiana akaendelea na Wenge BCBG, na Werrason, Masela na Adolphe Dominguez wakaunda Wenge Musica Maison Mère. Ushindani wa makundi hayo mawili ulikuwa sehemu ya mvuto wa ndombolo, na ulifika hadi kwetu. Sebene ndefu, na rapa anayewachochea wachezaji, vilistawi pia katika bendi za dansi za Dar es Salaam kama African Stars na FM Academia. Kwa hiyo, mtazamaji wa Mikumi haanzi sifuri. Isitoshe, Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Tunduma, wanakopita madereva wa malori yaendayo Lubumbashi, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa watazamaji wetu. (Hatudai kwamba barabara ndiyo iliyouleta muziki huu, redio na kaseti zilitangulia.)

Watazamaji hao hawakuuliza maana ya maneno. Waliuliza nani amesimama karibu na nani, na nani anamtazama nani. JB Mpiana anapoimba, jicho la mtazamaji humtafuta Werrason. Werrason anaposhika kipaza sauti, humtafuta JB. Miaka takribani 25 ya uhasama imo katika hatua chache zinazowatenganisha jukwaani. Kwa mantiki hiyo, kamera inapousogelea uso wa mwimbaji mmoja, kama ilivyo desturi ya video za kutangaza albamu, inaikata matini katikati: anayeimba tunamwona, anayeimbiwa ametoweka. Picha ya mbali, ambayo fundi mitambo huenda akaiona haina ladha, ndiyo iliyobeba maana. Hata majina yanayotajwa katikati ya nyimbo hayakuwapa taabu watu waliozoea kusikia mapedeshee wakitajwa katika dansi la nyumbani. Walijua kuwa hapo kuna mtu anatukuzwa, na pengine fedha imetoka.

Hapa ndipo tunapotofautiana na mazoea ya tasnifu nyingi za nyimbo, zetu za awali zikiwamo. Mtafiti hunukuu maneno, huyatafsiri, kisha huorodhesha dhamira na tamathali za semi. Mulokozi (1989) alipoainisha tanzu za fasihi simulizi alizingatia muktadha na namna ya uwasilishaji, lakini mara nyingi tunamtaja katika sura ya nadharia na kumsahau katika sura ya uchambuzi. Pendekezo letu la kwanza lilipanga kutafsiri nyimbo zote za onyesho hili. Kama tungefanya hivyo, tungepata mashairi ya mapenzi, na tukio lenyewe, yaani wagomvi kukubali kusimama pamoja mbele ya umma, lingetuponyoka.

Hata hivyo, pingamizi moja hatukuweza kulijibu kikamilifu. Mzee mmoja wa Kilosa, mstaafu wa reli, alitazama hadi mwisho kisha akasema kuwa tunachokiita usomaji ni umbea tu, kwani anayechunguza nyuso hausikilizi muziki. Alikuwa na haki kwa kiasi fulani: katika daftari letu la siku hiyo hamkuwa na neno hata moja kuhusu gitaa la Alain Makaba. Mzee huyo ni mpenzi wa Morogoro Jazz. Mbaraka Mwinshehe aliiacha bendi hiyo mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, kisha akafariki katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Kwa hiyo, kuhusu bendi aliyoipenda, mzee hakuwahi kuwa na rekodi ya kukutana tena ya kuitazama. Alichobaki nacho ni sahani za santuri, na katika santuri hakuna uso wa kuchunguza.