Kinanda cha Kale, Toleo Jipya: Nani Hurudishiwa Jina?

Katika miaka hii ya karibuni imezuka desturi ambayo si ngeni kwetu sisi tunaoshughulika na vitabu, nayo ni kutoa upya kazi ya zamani. Safari hii kinachotolewa upya si diwani wala riwaya, bali ni ala ya muziki: sinthesaiza ya analogi yenye sauti nyingi, yaani kinanda ambacho huumba sauti kwa mkondo wa umeme wenyewe, na ambacho mpigaji akibonyeza vibao kadhaa kwa pamoja, vyote huitikia. Makusudi ya makala haya ni kulihakiki jambo hilo kama tuhakikivyo toleo jipya la kitabu, kisha kuuliza lina fundisho gani kwetu hapa Burundi, ambako ngoma zetu zilikutana na vyombo vya namna hiyo zamani.

Mwalimu wa lugha asitishwe na ugeni wa chombo. Neno kinanda hapo awali lilitaja ala ndogo ya nyuzi iliyopigwa pwani. Baadaye likapewa ogani na piano, na hata gramafoni. Hapana shaka kwamba laweza kumbeba mgeni huyu pia.

Mfano ulio bora ni Prophet-5. Kinanda hiki kilitolewa mwaka 1978 na kampuni ya Sequential Circuits ya California, nacho ni kazi ya mhandisi Dave Smith. Minimoog ya mwaka 1970 ilikuwa ikitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na mpigaji aliyeipenda sauti fulani hakuwa na budi kukariri mahali pa kila kitufe ili aipate tena kesho. Prophet-5 ilikuja na sauti tano kwa pamoja, na ndani yake iliwekwa kumbukumbu iliyohifadhi mipangilio 40. Kampuni hiyo ilifikia kikomo mwaka 1987, na jina lake likaangukia mikononi mwa Yamaha. Mwaka 2020 Smith mwenyewe alikitoa kinanda chake upya kwa bei ya dola 3,499. Alifariki mwaka 2022, mwaka uleule ambao fundi mwenzake, Tom Oberheim, alirudi na kinanda cha OB-X8 chenye sauti nane, kwa bei ya dola 4,999.

Mhakiki wa toleo jipya huuliza kwanza: je, matini ni yale yale? Hapa Smith anastahili sifa. Prophet-5 ya kale ilipitia matoleo matatu, na vichujio vya sauti vya matoleo mawili ya kwanza havikuwa sawa na vya lile la tatu. Toleo la 2020 lina vichujio vya namna zote mbili, na mpigaji huchagua anachotaka. Zaidi ya hayo, vinanda vya kale vilikuwa na ila: joto lilipozidi noti zilipotoka, na sauti za kinanda kimoja hazikulingana sawasawa. Toleo jipya halina udhaifu huo, lakini limewekewa kitufe maalumu ambacho, kikizungushwa, huzifanya sauti zitofautiane kidogo kidogo kama zilivyofanya zamani. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hapa kidonda cha kale ndicho kilichotengenezwa upya, na watu wanakinunua kwa furaha.

Wako wanaolicheka jambo hili, lakini mimi sioni kosa. Uzuri wa kwaya hutokana na zile tofauti ndogo zilizopo kati ya koo na koo. Sikio halikosei likitamani tofauti hizo katika kinanda. Linalonisumbua ni bei. Mshahara wa mwalimu wa Bujumbura, hata akiuweka wote mwaka mzima, haufikii thamani ya chombo hicho. Matokeo yake ni kwamba ala inaweza kuwa pambo la sebule ya tajiri, kama kitabu kilichojaladiwa vizuri ambacho hakuna anayekisoma.

Sasa natuje kwetu. Katika Kirundi neno ingoma hutaja ngoma, na pia hutaja ufalme. Katika duara la ngoma, inkiranya hukaa katikati na kuongoza, ibishikizo huifuata, na amashakwe hushika mdundo usiokatika. Hizo nazo ni sauti nyingi kwa pamoja. Tofauti ni kwamba katika kinanda sauti tano zina mwenyewe mmoja, lakini katika duara kila sauti ina mtu wake.

Mwaka 1967 wapigaji wetu walirekodiwa, na rekodi ikatolewa Ufaransa na Ocora, chapa ya radio ya nchi hiyo. Mwaka 1971 Mfaransa Michel Bernholc aliuchukua mdundo huo, akauongezea vyombo vya kisasa, akauita “Burundi Black”. Nao ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alipiga sinthesaiza ya Moog juu ya rekodi yetu katika wimbo “The Jungle Line”. Mwaka 1981 “Burundi Black” ilitolewa tena kwa sura mpya.

Kwa upande wa sanaa, kazi ya Mitchell si hafifu. Moog yake inanguruma kwa uzito bila kuzifunika ngoma, na msikilizaji hupata mambo mawili yanayoshindana kwa haki. Lakini tutazame majina. Mwaka 2015 Yamaha ilimrudishia Smith jina la Sequential kwa hiari yake, ili kazi yake iitwe kwa jina lake. Wapigaji wa 1967 wamezunguka dunia kwa jina la nchi tu. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu, na heshima hiyo inatufaa sote. Hata hivyo, heshima ya taifa haitoshelezi haki ya mtu aliyeshika mirisho.

Isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani Afrika. Hailu Mergia wa Ethiopia alirekodi kanda mwaka 1985 kwa kodiani, Moog na piano ya umeme, akiwa ugenini Marekani. Kanda ikasahauliwa, naye akawa dereva wa teksi mjini Washington. Mwaka 2013 ilitolewa upya kwa jina lake. Akarudi jukwaani, na mwaka 2018 akatoa albamu mpya. Vyombo vyake havikuhitaji kufufuliwa. Kilichofufuliwa ni kazi ya mpigaji, naye akaila matunda yake akiwa hai.

Kwa hiyo napendekeza tupime kila toleo jipya, liwe la kitabu, la rekodi au la kinanda, kwa maswali matatu. Je, linasema kazi ilikuwa ya nani? Je, linaeleza kilichobadilishwa? Je, linawafungulia njia wanaokuja nyuma? Prophet-5 inajibu vyema maswali mawili ya kwanza na kukwama katika la tatu kwa sababu ya bei. “Burundi Black” inashindwa tangu swali la kwanza.

Walimu wenzangu wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi la insha. Wanafunzi wa Gitega wako karibu na Gishora, na wa Bujumbura huziona ngoma katika sherehe nyingi. Wawaendee wazee wa ngoma kwa adabu, wawaulize nani aliwafundisha, na mwalimu huyo alifundishwa na nani. Waandike majina yote kwa Kiswahili sanifu, pamoja na mahali na mwaka, na daftari zihifadhiwe katika maktaba ya shule. Atakayekuja kuzirekodi ngoma hizo tena atayakuta majina yameandikwa.