Namna ya Kumpima Msomaji wa Habari

Huku Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, taarifa ya habari ya saa moja usiku husikilizwa kwa makini, maana ndiyo inayotueleza kama fidia ya mazao yaliyoliwa na ndovu itatoka, na nani kaahidi. Wasomaji wenye sauti tamu ni wengi. Wa kuaminika ni wachache, nao hutambulikana ukijua pa kutegea sikio.

Tegea sikio kwanza mwanzo wa kitenzi. Kati ya "watalipwa" na "hawatalipwa" pana silabi moja tu, na msomaji mwenye haraka huimeza. Kisha sikiliza anapovuta pumzi. Chukua sentensi kama hii: "Serikali haitawalipa wakazi kabla ya uchunguzi kukamilika." Akishusha sauti na kutua kwenye "wakazi", mkulima aliyekuwa akipitisha sahani keshasikia kwamba hakuna fidia, na yanayofuata hayamfikii tena. Msomaji hodari huibeba sentensi yote kwa pumzi moja. Walter Cronkite, aliyesoma habari za jioni za CBS kule Marekani kuanzia 1962 hadi 1981, husemekana alijizoeza kusoma maneno kama 124 tu kwa dakika. Kiswahili, ambacho neno lake moja laweza kubeba sentensi nzima, kinadai utulivu zaidi ya huo.

Majina nayo hayadanganyi. Anayesema "Kitege" badala ya Kiteghe, au "Weruga" badala ya Werugha, hakumuuliza mtu kabla ya kuketi mbele ya maikrofoni. Mimi jambo hilo hulihesabu kubwa: asiyeuliza jina la kijiji ataulizaje idadi ya waliofariki?

Lakini kipimo kizito ni namna anavyotenganisha kinachojulikana na kinachosemwa tu. Tarehe 22 Novemba 1963, Cronkite alikuwa hewani wakati tetesi za kifo cha Rais Kennedy zikimiminika. Alizitaja, akasisitiza kwamba hazijathibitishwa. Uthibitisho ulipofika ndipo akatangaza kifo, akavua miwani, akatazama saa ukutani, akataja muda, akameza mate na kuendelea. Na aliporudi kutoka Vietnam mwaka 1968 akaona vita vile vimekwama, alisema wazi kuwa hayo ni maoni yake. Kwa hiyo, msomaji wako akitamka "inadaiwa" au "kwa mujibu wa wakazi", angalia kama anayapa maneno hayo uzito wake au anayarukia ili afike penye kishindo.

Hapa Kenya tulikuwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1940, aliyefariki Februari 2025. Wengi wanamkumbuka kwa "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi alichokianzisha mwaka 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Mwenye kutaka kuijua kazi hii na aitafakari Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi waasi wa jeshi la anga walikuwa wamekwisha kukiteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya. Mitambo walikuwa nayo, bunduki walikuwa nazo, na bado walimfuata Mbotela nyumbani, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Yaelekea walijua kwamba sauti ya mwanajeshi ingetia hofu bila kuaminiwa. Siku hiyohiyo majeshi ya serikali yalikikomboa kituo, na aliyetangaza kwamba serikali bado ipo ni yeye tena. Pande zote mbili zilimhitaji. Imani ile aliijenga kwa miaka ya kuzungumzia mambo madogo ya kila siku, jinsi mtu anavyokaa na jirani yake, bila kumfokea msikilizaji.

Kwa hiyo usimpime msomaji kwa habari kubwa peke yake. Msikilize anaposoma tangazo la bei ya mbuzi au barabara iliyofungwa Mwatate. Na siku atakapokosea, hesabu muda anaochukua kusahihisha: wapo wanaosubiri hadi kesho, wapo wanaonyamaza kabisa, na wapo wanaosema palepale, "Naomba radhi, ni 14, si 40," wakairudia sentensi yote tangu mwanzo. Hao wa mwisho ndio wa kufunguliwa redio.