Kamera Zina Wanunuzi, Negativu Hazina

Wasikilize wanaokusanya kamera za zamani wakizungumza. Watakwambia lenzi haina ukungu, ngozi haijabanduka, namba iliyochongwa juu inaonyesha mwaka wa kiwandani. Sasa waulize: kamera hii ilimpiga nani picha? Kimya. Hilo ndilo lalamiko langu, na nalitoa nikiwa ndani ya kundi, kwa sababu hata mimi nina Zorki 4 niliyoinunua hapa Nakuru kwa malipo ya makala mbili.

Kwa asiyezijua, hizi ni kamera za filamu za aina ya renjifainda. Hutazami kupitia lenzi yenyewe. Unatazama kwenye kidirisha kilicho juu yake, na katikati unaona taswira mbili za kitu kimoja, moja imesogea kidogo. Unazungusha pete ya lenzi mpaka zishikane ziwe moja. Hapo umepata umbali. Zile za kimakanika hazitaki betri. Hazina kioo cha kuruka ukibonyeza, kwa hivyo mlio wake ni mdogo, na wanahabari walizipenda kwa hilo. Leica M3 ya 1954 ndiyo wengi huiona kuwa kilele chake.

Zina udhaifu pia. Zorki na ndugu zake wana pazia la kitambaa nyuma ya lenzi. Iache lenzi wazi ikitazama jua letu la Bonde la Ufa, na miale itakusanyika pale hadi itoboe kitambaa. Halafu kuna vumbi. Nakuru yenyewe, husemwa, imepata jina kutokana na neno la Kimaasai la vumbi. Gia ndogo hazifurahii habari hiyo.

Uzuri wa mashine hii siukatai. Ninachokataa ni kuishia hapo. Chukua FED, mtangulizi wa Zorki. Ilianza kuundwa Kharkiv mwaka 1934, katika koloni la watoto waliookotwa mitaani, kwa kuigiza Leica. Herufi zake tatu ni za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi wa siri wa Kisovieti. Watoto wasio na kwao wakaunda kamera yenye jina la mkuu wa polisi! Lakini sokoni swali ni moja tu: ni halisi, au ni FED iliyochongwa upya ikaitwa Leica? Tunawatetemekea matapeli wa majina, na mikono iliyofunga zile skrubu hatuitaji.

Na hapa kwetu? Nakuru ilikuwa mji wa walowezi, katikati ya mashamba waliyojitengea Wazungu. Kamera ya bei kama hiyo ilikuwa ya mwenye shamba, afisa au mfanyabiashara. Mfanyakazi alisimama upande ule mwingine wa lenzi. Kwa hivyo mtu akiniambia ati kamera hizi zinamkumbusha enzi nzuri, nauliza: enzi nzuri za nani?

Jibu zuri zaidi nililokutana nalo ni kitabu cha picha za Priya Ramrakha, kilichotoka 2018 chini ya uhariri wa Shravan Vidyarthi na Erin Haney. Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, katika ukoo wa magazeti: mjomba wake, G. L. Vidyarthi, alichapisha *Colonial Times* na serikali ya kikoloni ikamfunga kwa uchochezi. Yeye alipiga picha za miaka ya Hali ya Hatari, kisha za uhuru, na akafikia kufanyia kazi *Life* na *Time*. Aliuawa Oktoba 1968 akiripoti vita vya Biafra, akiwa na miaka 33. Picha zake zilikaa miongo kadhaa kwenye gereji ya nyumba jijini Nairobi kabla ya kufufuliwa.

Nguvu ya kitabu ni ukaribu. Mpigaji yumo katikati ya watu, hakusimama kilimani akiwahesabu. Ukikifunga, jina la kamera halikujii. Nyuso ndizo zinazobaki. Lakini nina ugomvi nacho pia. Kimechapishwa Ujerumani, na mimi nilikisoma cha kuazima. Sanduku limetoka gereji moja likaingia kabati la wenye nacho. Tena kinatuzoesha kuamini kwamba linalostahili kuokolewa ni sanduku la shujaa aliyefia vitani.

Je, yule wa studio ya mtaani? Karibu na ninakoishi palikuwa na studio ambayo mwenyewe alifariki. Kamera zake zilipata wateja wiki hiyohiyo, wasee wa Nairobi, pesa mkononi. Negativu zilitiwa kwenye magunia mawili, zikaenda na taka. Sikuona mtu akibishana.

Hapa si suala la sanaa tu. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, familia nyingi zilikimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru na kile walichoweza kubeba. Nani hubeba albamu nyumba ikiungua? Kwa mtu kama huyo, sura ya marehemu baba yake huenda imebaki sehemu moja duniani: kipande cha filamu kwenye bahasha ya studio. Tupa bahasha ile, na umemchomea nyumba mara ya pili.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitakuja na nadharia ya hifadhi. Nasema kitu kidogo. Ukienda kununua kamera ya marehemu, omba na masanduku, kwa idhini ya familia. Andika kwenye bahasha jina, mtaa na mwaka, wakati bado yupo anayekumbuka. Weka negativu pakavu, mbali na joto la mabati. Simu yako na kioo cheupe chenye mwanga kwa nyuma vinatosha kutengeneza nakala ya kwanza.

Zorki yangu ikitoboka pazia, fundi atashona jingine. Yale magunia mawili hayana fundi.