Asiyeonekana Vitani

Wapo watakaonishangaa: mwalimu mkuu mstaafu, mwenye umri wa miaka 74, anapoteza wino kuhakiki mchezo wa dadu. Nawaomba wavute subira. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu nimepitia vitabu vingi vya kiada, na baadhi yake havikuwa na mafunzo hata nusu ya niliyoyaona mezani pa mjukuu wangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulichapishwa Marekani mwaka 1974, nao ni kazi ya Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson wa jimbo la Minnesota. Ni Minnesota hiyohiyo nilikokwenda kumtembelea mwanangu, baridi ikanifungia ndani kwa wiki kadhaa. Katika mchezo huu hakuna mshindi mmoja. Mtu mmoja huwa msimulizi na mwamuzi. Waliobaki kila mmoja hubeba mhusika wake, na mambo yenye mashaka huamuliwa kwa dadu yenye nyuso 20. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 16, alikuwa mnyemeleaji: mtu wa kujificha, kuvizia, na kuchoma kisu mahali panapouma.

Niliazima vitabu vyake viwili vya kanuni, kile cha mwaka 2014 na kile kilichorekebishwa mwaka 2024, nikavisoma kalamu mkononi kama nilivyozoea. Nilitaka kujua jambo moja tu: kutoonekana kuna faida gani vitani, na gharama yake ni nini?

Kitabu cha mwaka 2014 kinatenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Kutoonekana ni jambo moja, na kujificha ni jambo jingine. Aliyefanyiwa uchawi wa kutoonekana hashikwi na macho, lakini nyayo zake zinaacha alama na viatu vyake vinalia. Adui anaweza kutambua aliposimama akampiga, ingawa atarusha dadu mara mbili na kulazimika kuchukua iliyo ndogo. Kujificha ni zaidi ya hapo, maana ni adui kutojua kabisa ulipo. Hapo dadu yako ya kunyemelea hushindanishwa na umakini wa mlinzi. Mlinzi asiyekuwa na habari huhesabiwa 10, ukaongeza au ukapunguza kwa kadiri alivyo mwangalifu au mzembe. Kanuni hii imetungwa na mtu anayeijua dunia. Mwanafunzi anayetoroka bwenini hashindani na giza. Anashindana na masikio ya mwalimu wa zamu.

Kisha inakuja kanuni ninayoipenda kuliko zote. Ukimshambulia adui asiyekuona, unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Lakini papo hapo, upate au ukose, mahali ulipo panajulikana. Nao uchawi wa kawaida wa kutoonekana, unaoweza kudumu hadi saa 1, hukatika mara tu aliyefanyiwa anaposhambulia au anapofanya uchawi wake. Upo mkubwa zaidi usiokatika kwa namna hiyo, ila huo haupiti dakika 1. Kwa maneno mengine, siri ni akiba, na ukiitoa imetoka.

Kitabu cha mwaka 2024 kimepanga mambo upya. Anayetaka kujificha sharti awe mahali penye giza zito au nyuma ya kinga ya kutosha, nje ya macho ya adui, na apate 15 au zaidi. Akifaulu anahesabiwa kuwa haonekani, kwa jina lilelile la hali anayopewa mtu wa uchawi, na jumla aliyoipata ndiyo adui anayemtafuta atakayopaswa kuifikia. Mimi niliyesahihisha mitihani miaka mingi najua thamani ya alama ya kufaulu iliyo wazi. Inapunguza ubishi.

Lakini hapa imezua ubishi mwingine. Aliyejibanza nyuma ya pipa na aliyefanywa hewa kwa uchawi wamevishwa vazi moja. Vijana wale walibishana karibu nusu saa: je, mnyemeleaji akitoka nyuma ya pipa lake na kupita mbele ya mlinzi mchana kweupe, bado haonekani? Mwamuzi alikata shauri kwamba anaonekana, nami nilimuunga mkono kimoyomoyo. Kanuni inayotegemea busara ya mwamuzi ili isiwe kichekesho haijamaliza kazi yake. Kwa jambo hili, kitabu cha 2014 nimekipa alama ya juu.

Hata hivyo kanuni ni nusu ya mchezo. Nusu ya pili ni anayezitumia. Jumamosi moja wahusika wao wanne walipambana na majambazi ndani ya ghala bovu. Mjukuu wangu alijificha nyuma ya magunia katika mzunguko wa kwanza, akimngoja mkuu wa majambazi asogee. Mzunguko wa pili akangoja. Wa tatu akangoja. Mapanga ambayo yangemwelekea yeye yakawaelekea wenzake, na kuhani wao akaanguka. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Usiku ule niliona kwamba pigo lake lipo, ila linampata mwenzake.

Ndipo msichana aliyemcheza mchawi akamfanyia mjukuu wangu ule uchawi wa kutoonekana, akamwambia: "Usimchome mtu. Chukua dawa, nenda kwa kuhani." Ilikuwa hatari, kwa maana mchawi hulazimika kuushikilia uchawi huo kwa makini, na pigo moja likimpata huweza kuuvunja. Kijana akapenya katikati ya majambazi, akamnywesha kuhani dawa. Kwa kuwa kunywesha dawa si kushambulia, uchawi haukukatika. Kuhani akafumbua macho, akamponya mwingine, na vita vikageuka. Kisu kingemwangusha jambazi mmoja. Mkono usioonekana, ambao haukumpiga mtu, uliwaokoa wanne.

Nilikwenda kulala, lakini sikulala. Nilikumbuka mwaka 1988, wanafunzi wangu wa darasa la saba walipokuwa wakilala shuleni kujiandaa na mtihani. Nilinunua viatu vya raba visiwe na mlio, na usiku nikawa nawanyatia. Siku moja nikaona mwanga wa kibatari baada ya saa ya kulala na kusikia minong'ono. Nilikuwa nimesimama dirishani, hakuna anayejua nipo. Ningeweza kusikiliza. Badala yake nikausukuma mlango.

Walikuwa saba. Asubuhi niliwachapa wote mbele ya shule nzima, nikajihesabu mshindi. Tangu siku hiyo minong'ono ilikoma, nami nikadhani ni nidhamu. Mwezi uliofuata mmoja wao aliacha shule. Nilikuja kuambiwa baada ya mtihani kupita kwamba mama yake alikuwa mgonjwa, kwamba alikosa masomo mengi akimuuguza, na kwamba usiku ule wenzake sita walikuwa wakimfundisha hesabu za sehemu. Wote sita walijua kwa nini ameondoka. Hakuna aliyethubutu kuja kuniambia. Nilikuwa na nafasi ya kujua bila kuonekana, nikaitumia kupiga. Na baada ya kupiga, kila mtoto alijua nilipo na akajiweka mbali.

Sisemi kwamba mchezo huu ulitungwa kufundisha walimu. Nasema tu kwamba kanuni yake ya zamani inamlazimisha mchezaji ajiulize, kabla ya kuchomoa kisu, kama kuna jambo jema zaidi la kufanya wakati hakuna anayemwona. Mimi sikujiuliza.

Kabla sijaondoka vijana walinikaribisha mezani, wakataka nichague mhusika. Mjukuu wangu alisema, "Babu, uwe mnyemeleaji kama mimi." Nikamwambia hapana. Nilichagua kuhani mwenye deraya nzito ya minyororo, ambayo kwa kanuni zao humfanya anayejaribu kunyemelea arushe dadu mbili na kuchukua ndogo. Wakacheka sana. Nami nikawaambia napenda iwe hivyo, ili kila nitakapopita watu wasikie kwamba mzee anakuja.